Ushahidi wa Picha za Vitu Vidogo

Imekuwa desturi siku hizi kumwona mtu ameinama shambani au kando ya njia, simu yake i karibu kugusa jani, naye amezuia pumzi kama asikilizaye siri. Hakupoteza kitu. Anapiga picha ya ua lisilopita ukubwa wa kifungo cha shati, au ya nzi aliyetua juu ya ua hilo. Picha ikiisha kupigwa, nzi yule hujaa kioo kizima. Miguu yake ina nywele, na jicho lake limeundwa kwa vijicho vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kazi hiyo twaistaajabia. Walakini liko swali moja lililo kubwa kuliko vitu vyenyewe vinavyopigwa, nalo ni hili: picha ya namna hii yashuhudia kweli, au yashuhudia uongo?

Amri ya kutoshuhudia uongo tumezoea kuihesabu kuwa ni ya ulimi tu, kana kwamba mkono ushikao kamera hauna la kujibu. Sisi hatudhani hivyo. Aonyeshaye hunena, na aliyeonyeshwa huamini, tena huamini upesi kuliko aliyesimuliwa kwa maneno.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe ilivyo. Lenzi ikisogezwa karibu sana na kitu, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno, pengine haifikii milimeta moja. Jicho la mdudu likionekana vema, bawa lake limekwisha kuwa kama ukungu. Upepo usiotikisa hata jani la mgomba huliondoa ua mbele ya lenzi. Wala mdudu naye hamngoji mtu. Kwa ajili ya shida hizo wapiga picha wamebuni njia zao. Wengine huamka alfajiri, umande ungali juu ya majani, maana wadudu walioshikwa na baridi hawaruki upesi. Wengine hupiga picha ishirini au hamsini za kitu kimoja, wakisogeza lenzi kidogo kidogo, kisha kompyuta hukusanya sehemu zilizo wazi zikawa picha moja. Na wengine (hapa ndipo mashaka yetu yaanzapo) humtia mdudu ndani ya friji hata azimie, au humwua kabisa, wakambandika juu ya ua kwa gundi, kisha wakamwonyesha kana kwamba walimkuta hapo akinywa maji matamu ya ua.

Mashaka haya si ya leo. Huko Vermont, katika nchi ya Marekani, mkulima mmoja aitwaye Wilson Bentley alianza mwaka 1885 kupiga picha za chembe za theluji kwa kuiunganisha kamera na hadubini. Theluji twaijua kwa mlima Kilimanjaro, lakini ni wachache wajuao ya kuwa chembe zake zina maumbo mazuri, mara nyingi yenye pembe sita. Alipokufa mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Basi huyo Bentley, ili umbo lionekane safi, alikuwa akikwangua kwa kisu utando wa bamba la picha kuzunguka chembe, hata nyuma yake pakawa peusi tupu. Wajerumani walioshughulika na kazi iyo hiyo walimlaumu, kwa kuwa chembe nyingi walizoziona wao zilikuwa zimepinda au zimevunjika. Kwa maoni yetu kila upande ulikuwa na neno. Bentley hakuziumba chembe zile nzuri, zilianguka kweli kutoka mbinguni. Lakini mtu aliyetazama picha zake tu angedhani hakuna theluji iliyopinda.

Basi tuhukumuje? Kukionyesha kitu kidogo kwa ukubwa si uongo, kama vile kuonyesha nchi nzima katika karatasi ya ramani si uongo, maadamu kipimo kimeandikwa. Kuunganisha picha hamsini nako hatuoni kosa lake, maana hata jicho letu hutazama sehemu baada ya sehemu, na moyo ndio ukusanyao. Lakini mdudu aliyekufa akiitwa hai, hapo ushahidi umeharibika, ingawa kila unywele wa mguu wake ni wa kweli.

Mtu atatujibu, “Mbona mwamlilia mdudu mmoja, nanyi kila msimu mwaua maelfu mashambani?” Neno hili lina nguvu, wala hatulipuuzi. Mkulima huua wadudu ili apate mazao, naye husema wazi kwamba ameua. Mtaalamu naye humchoma mdudu kwa pini, akaandika chini yake mahali na siku aliyomkamata, na kila atazamaye ajua ya kuwa ni maiti. Hao wawili hatuwashitaki kwa uongo. Bali yule abandikaye kwa gundi na kusema “nalimkuta” ametwaa uhai wa kiumbe, kisha akauza mfano wa uhai ule ule.

Labda wengine wataona hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Basi na tutazame mahali ambapo jambo hili lagusa chakula cha watu, yaani vilima vya Matumbi katika wilaya ya Kilwa, ambako ndiko Kipatimu iliko, na nchi yote ya pwani ya Lindi iliyo chini yake. Huko mkorosho ni mali. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata korosho kiasi cha tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa hazifikii tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, kama bei ndogo na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Moja ya sababu hizo ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchanga, nayo ni ukungu uitwao ubwiri unga, unaoyafunika maua machanga kama unga uliomwagwa. Mtu akiwa mbali huona mti wenye maua. Akikaribia ndipo aonapo kwamba maua yanakufa.

Tena yuko mbu wa mikorosho, mdudu asiyefikia urefu wa sentimeta moja, anyonyaye machipukizi hata yakafanya madoa meusi na kukauka. Ukimtazama kwa lenzi utaona mgongoni pake kitu kilichosimama kama pini yenye kichwa, nacho humtambulisha. Na juu ya miti iyo hiyo wako maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kuwa nyumba. Uzi wao hutoka kwa watoto wao, ambao hushikwa mdomoni na wakubwa na kupitishwa huku na huku kama chombo cha mfumaji. Maji moto huuma vikali, na mchumaji aliyeumwa hutamani kuwachoma wote. Walakini wao ndio askari wa mti, kwa maana huwawinda na kuwafukuza mbu wa mikorosho.

Sasa fikirini picha mbili. Ya kwanza yaonyesha kichwa cha maji moto kimejaa kioo, taya zimeachama. Ni picha ya kweli tupu, hakuna gundi wala friji. Ya pili yamwonyesha mbu wa mikorosho ametulia juu ya chipukizi, mwembamba, hata mzuri. Mkulima akipewa hizo mbili bila maelezo, atamnyunyizia dawa yupi? Hapo ndipo tuonapo ya kuwa ushahidi waweza kuwa sahihi katika kila unywele, nao bado ukampoteza mtu. Picha ya karibu imekata mti, imekata jirani, imekata kazi ya kiumbe, imebakiza uso. Nasi wanadamu twajua jinsi uso unavyotudanganya.

Nchi hii ya Kipatimu yatukumbusha neno hilo kwa njia nyingine tena. Ua la pamba ni zuri mno likitazamwa karibu: hufunguka likiwa jeupe au la manjano, na kesho yake hugeuka jekundu. Lakini huko Nandete, mwezi wa Julai 1905, Wamatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na ndivyo vita vya Maji Maji vilivyoanza, vikaendelea hata mwaka 1907. Anayesogeza lenzi karibu na ua hataona mgongo uliolilima. Haimpasi kwa hiyo kuliacha ua. Lakini asituambie kwamba ametuonyesha pamba yote.

Hatuwakatazi vijana kuinama, maana aliyeinama juu ya kichala cha maua ya mkorosho kwa nusu saa amejifunza mengi kuliko apitaye. Huona ya kuwa maua yake madogo hufunguka meupe kisha huwekundu, na ya kuwa mengi ni madume yasiyozaa kamwe. Na kwa wale wampelekeao bwana shamba picha za wadudu kwa simu, twaomba wapige kwanza mti mzima, kisha tawi, ndipo mdudu. Na kando yake waweke njiti ya kiberiti, kwa kuwa urefu wake wajulikana na kila mtu. Kama mdudu alikuwa amekufa, waandike hivyo.