Nani Aseme Tusonge Mbele

Mahakama ya Juu ilipothibitisha matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 30 Machi 2013, msemo mmoja wa Kiingereza ulienea Kenya nzima: "accept and move on". Yaani kubali yaishe, songa mbele. Ni kauli njema ikitoka panapostahili, nami naamini panapostahili ni kinywani mwa aliyeumia.

Nakuru inatufundisha hilo. Mapema mwaka 2008, watu waliofukuzwa makwao katika ghasia za baada ya uchaguzi walijaa katika uwanja wa maonyesho na katika uwanja wa Afraha. Tarehe 2 Desemba 2012, hapo hapo Afraha, Uhuru Kenyatta na William Ruto walitangaza muungano wao, na jamii zilizokuwa zimepigana zikahimizwa kushikana mikono. Amani ile si haba. Kuna watoto wa Molo na Njoro waliokua bila kukimbia usiku. Lakini viongozi huweza kupatana kwa siku moja. Aliyezika mwana na kuachia wengine shamba hawezi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Huko Maai Mahiu, wakimbizi wa ndani walichanga fedha wakanunua ardhi wenyewe. Serikali iliahidi kila familia shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 zaidi kwa iliyochomewa nyumba. Kwa mtu mmoja hazikuweza kununua shamba. Zilipounganishwa, kila mmoja alipata pa kusimamisha hema, ingawa upepo wa bondeni uliichana na vumbi likajaa kwenye sufuria. Makao mamoja waliyaita Jikaze, mengine Vumilia Eldoret. Hawakungoja kuamriwa wajikaze, walijiambia wenyewe. Huko ndiko kusonga mbele: mtu ahesabu alichopoteza, akitaje, kisha ainue mguu.

Anayemhimiza mwenzake asahau kabla hajamsikiliza anatafuta kimya tu, na kimya si amani. Sisi ambao hatukuguswa tuna kazi ya kuuliza, kusikiliza, kurudisha kinachorudishika, na kuwa na subira. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokusanya taarifa zaidi ya 40,000 za wananchi, ilikabidhiwa Rais Mei 2013, kisha ikalala Bungeni miaka mingi. Waliosimulia walitaka wasikike kwanza. Tuwape haki hiyo, na uamuzi wa lini yaishe tuwaachie wao.