Sadaka ya Nauli



Mwaka 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali. Lakini mama wa kijijini aliyeshikwa na uchungu bado anahitaji nauli ya bodaboda. Mhudumu wa afya wa kijiji, anayejitolea, humwambia awahi kituoni. Nauli naye hana.

Katika Surat at-Tawba, aya ya 60, Allah amewataja mafakiri na masikini mwanzo kabisa miongoni mwa wanaostahiki zaka. Ikiwa zaka imeanza na hao, sadaka yetu ya Ijumaa ianze na nani? Msikiti wetu una mazulia. Naomba mchango ujao uwe nauli ya mama huyo.

Wabillahi tawfiq.