Utanipa Nini?



Mama mmoja wa hapa Mambrui alinisimamisha baada ya mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ana neno linalomkera. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jirani yake Mwislamu alikuwa amewaletea sahani ya futari, muhogo wa nazi na kaimati chache, kama afanyavyo kila mwaka. Nanyi mwaijua desturi ya pwani yetu: sahani ya jirani hairudi tupu. Basi kesho yake yule mama akaitia ndizi mbivu, akamwita mwanawe wa miaka tisa, akamwambia, “Mwanangu, mpelekee nyanya sahani yake.” Mtoto hakukataa. Aliuliza tu, “Utanipa nini?”

Mama alisema alihisi kama amepigwa kofi. Mlango wa jirani hauko hata hatua thelathini.

Alitaka nimweleze namna ya kumkanya mtoto. Mimi nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka, wala si kwa furaha. “Ni sisi,” akasema. Mtoto akimaliza mboga, biskuti. Akitulia kanisani, soda. Akimaliza hesabu za shule, shilingi kumi. Akioga bila ugomvi, katuni kwenye simu ya baba. Kila jambo jema nyumbani mwao lilikuwa na bei, na mtoto, kwa vile ana akili, amezishika bei zote.

Nisijifanye mwema hapa. Watoto wangu walipokuwa wadogo niliwahi kuwaahidi shilingi moja kwa kila fumbo la rozari. Wiki ya kwanza nilijiona baba wa mfano. Wiki ya pili waliisali rozari kwa mwendo wa matatu la Malindi, na mkubwa wao akauliza kwa adabu kabisa kama Salamu Malkia inahesabiwa peke yake. Nilipoacha kulipa, nao waliacha kusali. Ilinichukua muda mrefu kutengeneza nilichoharibu kwa shilingi tano.

Sasa hebu tulitazame jambo lenyewe, maana si dogo. Lugha yetu ina maneno mengi ya kitu apewacho mtu, na kila moja lina mahali pake. Kuna ujira. Kijana akisaidia kusukuma mashua pwani na kubeba samaki, hupewa kitoweo. Hiyo ni haki yake, na anayemnyima amemdhulumu. Kuna hongo, ambayo hutolewa ili mtu afanye kile ambacho tayari ni wajibu wake. Na kuna zawadi. Siku ya Idi, watoto wa mji huu hupita kwa wazee kupokea mkono wa Idi, na watoto wetu Wakatoliki hupita pamoja nao. Hakuna mzee anayemwuliza mtoto kama alifunga, au kama alikuwa mtiifu mwezi mzima. Anapewa kwa sababu ni sikukuu, naye ni mtoto.

Tabu ya nyumba nyingi ni kwamba maneno hayo matatu yamechanganywa yakawa kitu kimoja. Twatoa hongo tukiita zawadi, halafu twashangaa mtoto akidai ujira.

Watu wa elimu wameyachunguza haya. Mwaka 1973 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo watachora. Wengine walipewa cheti kama hicho kwa kushtukiza, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa cheti walizishika kidogo kuliko wenzao wote, ilhali waliopewa kwa kushtukiza hawakupungukiwa na hamu. Kwa hiyo kilichoharibu si cheti. Ni yale mapatano ya “ukifanya hivi nitakupa hivi”.

Na chakula je? Mwenzao mwingine, Leann Birch, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba chakula kinachotumiwa kama tuzo hupendwa na mtoto zaidi ya awali. Kwa hiyo tukisema, “Kula mchicha upewe biskuti,” tumemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na biskuti ni pepo. Soda ya mililita 300 ina sukari ya kama vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidishe kama vijiko kumi na viwili kwa siku, na afadhali nusu yake. Mtoto ni chini ya hapo. Sina ugomvi na soda ya arusi. Lakini katika mji ambamo dafu hukatwa njiani, na ukwaju na maembe havitupigi chenga, sioni kwa nini furaha ya mtoto lazima itoke kwenye chupa.

Lakini nilipozidi kuzungumza na mama yule, niliona kwamba mtoto hakuwa shina la neno hili. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni. Anayeijua kazi ile haidharau: jua la juu, mng'ao wa chini, na maji ya chumvi yanayochoma kila kidonda mguuni. Siku ya mshahara, baba huyu hupitia mangweni kabla ya kufika nyumbani. Haiti kulewa. Huita kujipongeza. “Nimetoka jasho, nastahili,” husema. Mama naye, aliyeamka saa kumi alfajiri kuchota maji na kukaanga mahamri ya kuuza, huona ile fedha iliyopungua, na juma lifuatalo huchukua leso mpya kwa mkopo. “Nami nastahili,” husema. Mtoto yuko pale mkekani, anasikia.

Neno hili kustahili, ndugu zangu, lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu ni la hatari. Ni kweli baba amechoka. Ni kweli mama amechoka. Lakini mume na mke wakianza kuandika kila mmoja katika daftari lake kiasi anachostahili, nyumba huwa duka lenye madaftari mawili, na kila daftari lasema mwenzake ndiye mdaiwa. Sijaona ndoa ambamo hesabu hizo zililingana.

Nilimwomba mama anikutanishe na mumewe, nasi tuliketi kwao jioni moja. Nilimwuliza baba, hasa hupata nini kule mangweni? Nilidhani atataja mnazi. Alifikiri, akasema, “Nikifika, wenzangu huniambia, pole na kazi.” Mkewe aliinamisha kichwa. Kisha naye akasema kwamba tangu aanze kukaanga yale mahamri, miaka minne sasa, hakumbuki mtu yeyote wa nyumba ile kumwambia ahsante, na baba watoto huyala kila asubuhi.

Tulikaa kimya. Nje mwadhini alikuwa akiita sala ya Isha.

Nawaambieni ninavyofikiri mimi. Sehemu kubwa ya tunachokiita kujituza ni njaa ya kuonwa. Mtu amefanya kazi, na hakuna jicho lililomwona. Basi anajinunulia ushahidi kwamba alikuwepo. Mnazi, muguka, leso ya mkopo, chai ya vijiko vinne anayokunywa mama peke yake usiku wote wakilala. Vyote vyasema, “Hakuna anayenipongeza, nitajipongeza.” Bwana wetu aliijua njaa hii. Katika mafundisho yake ya mlimani kuhusu sadaka, sala na kufunga, hakusema kwamba kutaka thawabu ni dhambi. Alitwambia tu tusiitafute kwa macho ya watu barabarani, kwa kuwa Baba aonaye sirini ameshatuona. Mtu aliyeonwa na Mungu hana haja ya kulipwa na kila mtu. Lakini Mungu huyo apenda kutumia macho ya mume kumwona mke, na ya mke kumwona mume.

Mtauliza, je, Kanisa halifundishi kwamba matendo mema yana stahili? Lafundisha. Ila Katekisimu ya mwaka 1992 yaeleza pia kwamba kwa haki halisi mwanadamu hawezi kumdai Mungu kitu, kwani tumepokea vyote kwake. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alipokuwa mtoto, alikuwa na shanga za kuhesabia sadaka zake ndogo ndogo za kila siku. Mwezi Juni 1895, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, alijitoa kwa Mungu akisema kwamba jioni ya maisha yake atafika mbele zake mikono mitupu, asitake matendo yake yahesabiwe. Shanga hazikumdhuru, maana zilikuwa za utoto na alizikua. Na mkumbuke kwamba wazazi wake, Louis na Zélie Martin, walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Yule binti hakujifunzia upendo hewani. Mfano wa kinyume ni yule kaka mkubwa katika habari ya mwana mpotevu. Alifanya kazi miaka yote, na moyoni alikuwa akihesabu mbuzi ambaye hakupewa. Mali yote ilikuwa yake, asiione.

Kwa hiyo wale wawili hatukuwapa sheria nyingi. Siku ya mshahara baba afike nyumbani kwanza, na apokewe kwa pole na kazi kabla ya kuulizwa fedha. Yeye naye, kabla ya kugusa hamri la kwanza asubuhi, amshukuru aliyelikaanga. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwahimiza wanandoa wabarikiane jioni na kwenda kumpokea mwenzao arudipo. Mambo hayo hayana gharama, na ni magumu kuliko kununua soda. Sharti niseme hapa kwamba penye ulevi wa kupita kiasi, au penye kipigo, shukrani pekee haitoshi. Mtafuteni padre, wazee na wenye ujuzi wa tiba, tena mapema.

Kwa watoto, zile bei zifutwe. Kazi ya nyumbani ni ya nyumbani. Akifanya vizuri, aambiwe ni kitu gani hasa kimeonekana: “Nimekuona ulivyomwachia mdogo wako nafasi.” Akizidi kuaminika, apewe kazi kubwa zaidi, maana kwa mtoto wa umri huo kupandishwa mashuani na baba ni tuzo kuliko chenji. Na Jumapili baada ya Misa, wote washuke pwani wakaoge na kunywa madafu, mtoto awe amefaulu hesabu au ameanguka.

Nilikutana na mama baada ya Idi. Baba bado hupita mangweni siku nyingine, alisema, lakini hupita akiwa ameshafika nyumbani, na harudi usiku wa manane. Mtoto bado huuliza utanipa nini, ingawa si kila mara. Siku ya Idi alipelekwa kwa yule jirani, akarudi ameshika sarafu za mkono wa Idi, akaziweka mezani na kuzitazama. Kisha akamwuliza mama yake, “Mbona nyanya amenipa na sikumfanyia kitu?”

Mama alitaka kujua amjibu nini. Nikamwambia asiharakishe.