Darsa ya Ramadhani, Siku ya 14: Yule Kijana wa Kwenye Dungu



Ndugu zangu waumini, mama zangu, dada zangu, vijana wangu wa madrasa. Namshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 14. Leo nilipanga kuendelea na somo letu la Zaka, lakini nitaliahirisha mpaka kesho in shaa Allah. Waliokuwepo msikitini jana usiku wanajua kwa nini.

Kwa ambao hamkuwepo: katika rakaa ya kumi na mbili ya Tarawehe, mzee wetu mmoja wa safu ya pili alianguka. Vijana wakambeba, akapelekwa hospitali. Alhamdulillah, asubuhi hii amerudi nyumbani, anaongea, anatania kama kawaida yake. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Nilipokwenda kumjulia hali nikakuta kumbe daktari alimwambia tangu Shaaban: mzee, mwaka huu usifunge. Nikamuuliza, "Sasa baba, kwa nini ulifunga?" Akanijibu kwa sauti ndogo: "Shehe, wajukuu wakiniona nakunywa uji mchana, watanionaje?"

Jamani, nimetoka pale nimeinamisha kichwa. Kwa sababu jibu lake nalijua. Nami nimewahi kusema neno la namna hiyo, tena nikamwambia mtu aliyekuja kutaka fatwa kwangu. Leo nitawasimulia. Mwenyewe nimemwomba ruhusa, amekubali, kwa sharti nisitaje jina.

Turudi nyuma mpaka Ramadhani ya mwaka 1441, yaani 2020. Mnakumbuka? Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Sisi walimu tukarudi nyumbani, chaki zikabaki mezani. Nchi yetu haikufunga watu ndani kama wengine. Wenzetu Kenya waliwekewa amri ya kutotoka usiku tangu tarehe 27 Machi, na misikiti yao ikafungwa. Makka kwenyewe Umra ilisimamishwa, na Hija ya mwaka ule walihiji watu kama elfu moja tu, wote waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Hapa kwetu nyumba za ibada zilibaki wazi. Pale mlangoni kwetu tukaweka ndoo ya koki na sabuni, mabasi yakawa level siti, na kila nyumba Ifakara ilinukia nyungu, mchaichai na malimao.

Lakini kufunguliwa mlango si sawa na kuondoka hofu. Mtu akikohoa kwenye safu, safu nzima inageuza shingo. Mgeni akishuka stendi kutoka Dar, majirani wananong'ona. Na mtu akibaki nyumbani kwa tahadhari, wengine wananong'ona pia: huyo imani yake ndogo. Tulikuwa tunaogopa ugonjwa, na tunaogopa kuonekana tunaogopa. Hofu hii ya pili ndiyo iliyonipata mimi.

Siku moja baada ya Alfajiri simu yangu ikaita. Kijana mmoja niliyemsomesha madrasa tangu akiwa wa Alifu-Bee. Alikuwa Kariakoo anabeba mizigo. Biashara ilikuwa imelala, kazi hakuna, chumba kinadaiwa kodi, akaamua kurudi nyumbani. Sasa yuko stendi hapa Ifakara, begi mkononi. Akasema: "Ustadhi, tangu jana njiani kifua kinanibana na nina homa. Sijui ni kitu gani. Mama unamjua, ana sukari na presha. Nikiingia ndani kwetu, tunalala chumba kimoja. Nifanyeje?"

Nikamjibu haraka, wala sikufikiri: "Ingia kwa mama yako, mwanangu. Tawakali kwa Allah. Muumini haogopi maradhi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu zote: "Ustadhi, samahani. Si wewe uliyetufundisha habari ya Sayyidna Umar na mabonde mawili?"

Wallahi, nilikosa la kusema.

Kwa asiyeijua habari hiyo, ni hii, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar, Allah amridhie, alikuwa anakwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, makamanda wake wakamjia na habari kwamba tauni imeingia Sham. Umar hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Answari, nao wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na kauli moja: rudi na watu, usiwaingize kwenye maradhi. Umar akatangaza kwamba asubuhi wanarudi Madina.

Abu Ubayda, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza: je, unaikimbia kadari ya Allah? Umar akamjibu kwa maana kwamba ndiyo, tunatoka kwenye kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Kisha akampigia mfano: ukiwa na ngamia wako, ukashuka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mwingine ni mkavu, si ukilisha penye majani umelisha kwa kadari ya Allah, na ukilisha pakavu pia ni kwa kadari ya Allah?

Sisi ni watu wa bonde, mfano huu hatuhitaji kufafanuliwa. Mfugaji anayeshusha ng'ombe Kilombero kiangazi, hakuna anayemwambia umeikimbia kadari. Mkulima anayepanda mpunga penye maji na mahindi kwenye kichuguu, hakuna anayemwambia tawakali yako ndogo.

Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf, hakuwepo pale mwanzo, akawaambia kwamba yeye ana elimu ya jambo hili kutoka kwa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Maana yake ni kuwa mkisikia tauni iko katika nchi, msiiendee. Na ikiwakuta mlipo, msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akageuza safari. Na Abu Ubayda akarudi Sham kwa watu wake, akabaki nao, na tauni ile ya Amwas ikamchukua. Allah awaridhie wote wawili. Aliyerudi hakuwa mwoga, na aliyebaki hakuwa mjinga. Kila mmoja alisimama mahali pake kwa elimu.

Tazama sasa. Somo hili nililifundisha mimi, kwa mdomo wangu, ubaoni, na mtihani nikatunga. Siku lilipohitajika, mwanafunzi analo, mwalimu hana! Kwa nini? Nimejihesabu sana. Sikumjibu vile kwa sababu ya imani. Nilimjibu vile kwa sababu niliogopa watu. Niliogopa kesho isemwe: shehe kamzuia mtoto asiingie kwa mama yake, shehe kaogopa korona. Niliivalisha hofu ya watu kanzu ya tawakali.

Kijana hakuingia nyumbani. Alimpigia simu mjomba wake, akaomba funguo ya kibanda cha shamba, ng'ambo ya daraja, njia ya Lupiro. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua na ndege wameanza kusumbua. Akapanda kwenye dungu akawa anaamia ndege na kulala humohumo. Mjomba alikuwa akimwekea mchele, maji na dawa chini ya mwembe, anaondoka, ndipo kijana anashuka kuchukua. Siku mbili za kwanza alishindwa kufunga kwa homa, akala, na deni lake akaja kulilipa baada ya Idi.

Mama yake alikasirika. Alimpigia simu: "Umetoka Dar mpaka Ifakara, ukanipita kama nguzo ya umeme? Nimekukosea nini?" Kijana akamweleza. Mama akakata simu.

Siku ya nne, jua likielekea kuzama, akamwona mama yake anakuja kwenye njia ya shamba, kapu kichwani. Akapiga kelele: "Mama, usisogee!" Mama akasimama. Akaliweka kapu kwenye tuta, akarudi nyuma hatua kama kumi, akakaa kwenye kanga. Ndani ya kapu kulikuwa na magimbi, uji na perege wa nazi. Akamwambia: "Nimeelewa, baba. Lakini kufuturu peke yako kama yatima, hapana." Wakafuturu hivyo, huyu upande huu wa njia, yule upande ule, mpunga katikati. Akafanya hivyo kila alipopata nafasi, mpaka siku 14 zikatimia.

Hakupimwa, kwa hiyo ile homa ilikuwa ya nini, Allah ndiye ajuaye. Wala sisemi mama alisalimika kwa sababu ya dungu. Aliyemhifadhi ni Allah. Ninachosema ni kuwa kijana alifanya lililo mkononi mwake, kisha akamwachia Mola lililo mkononi mwa Mola. Ndiyo maana ya ile hadithi ya bedui na ngamia aliyoipokea Tirmidhi: mfunge kwanza, halafu utawakali.

Na hili kwetu si geni. Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ya tisini mwishoni, vyandarua vya Zuia Mbu vilipokuja Kilombero na Ulanga. Walikuwepo waliosema mbu ni wa Mungu na malaria ni ya Mungu. Mama zetu wakavichovya dawa, wakatulaza chini yake. Utafiti uliofanyika hapahapa bondeni na kuchapishwa mwaka 2001 ulionesha kuwa uhai wa watoto wadogo waliolala kwenye vyandarua vile uliongezeka kwa asilimia 27. Hao waliopona leo ni baba na mama wa watoto, wengine wamo kwenye safu zetu. Chandarua ni kadari ya Allah. Dawa ni kadari ya Allah. Uji wa mgonjwa mchana wa Ramadhani nao ni kadari ya Allah.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa safu ya pili, na kwa kila mmoja anayefanana naye.

Allah, katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, alipotuwajibishia funga hakumsahau mgonjwa wala msafiri. Amewataja wazi, akawapa siku nyingine, na akatuambia kuwa anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Sasa wewe ni nani ukatae zawadi ya Mola wako kwa ajili ya macho ya jirani?

Kwa hiyo tushike haya:

Kwanza, mgonjwa ambaye daktari mjuzi amemwambia kufunga kutamdhuru, asifunge. Ugonjwa wake ukiwa wa kupona, atalipa baadaye. Ukiwa wa kudumu, hana matumaini ya kuweza kulipa, atatoa fidia: kila siku moja kibaba kimoja cha chakula kwa maskini. Kwetu hapa ni mchele, kadiria robo tatu ya kilo, na ukizidisha ni kheri yako. Asiye na uwezo, Allah haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Pili, wenye sukari: kutoboa kidole ili kupima hakubatilishi funga. Ukiona dalili ya kushuka, kutetemeka, jasho la baridi, kizunguzungu, fungua hapohapo. Usisubiri adhana.

Tatu, msafiri wa Morogoro au Dar kwenda kutibiwa ana ruhusa yake. Hapa mpaka Mikumi peke yake ni kama kilomita 100. Asione haya kunywa maji ndani ya basi.

Nne, mwenye homa na kikohozi, iwe mafua, kifua kikuu kisichoanzishiwa dawa, au chochote, asali nyumbani mpaka apate nafuu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza mwenye mifugo wagonjwa kuwachanganya na wazima. Kama ni kwa ngamia, je kwa mzee wa miaka sabini uliyegusana naye bega?

Tano, na hili ni letu sisi wazima: tusimuulize mtu "mbona hufungi?" Wajukuu mfundisheni kumpelekea babu uji wake kwa mikono miwili, na kumwambia "karibu babu". Mkifanya hivyo hatafunga tena kwa kuwaogopa ninyi.

Nami mbele yenu namwomba radhi mzee wetu. Kama mimi na nyinyi tungekuwa tumeyasema haya mapema, kwa sauti, mimbarini, asingeanguka. Na namwomba radhi yule kijana, ingawa kila nikimwomba hucheka na kuniambia: "Ustadhi, nilijibu swali la mtihani wako tu."

Kazi ya leo, kama kawaida yetu: kabla ya Magharibi, mpigie simu mgonjwa mmoja. Usimuulize kama amefunga. Muulize amekula nini.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wa hospitali na wa majumbani. Warehemu waliotutoka katika miaka ile ya maradhi, tuliowazika tukiwa wachache na tuliowazika tusijue walikufa na nini. Tupe tawakali ya kweli, utuepushe na hofu ya watu iliyojifanya imani. Utukubalie funga zetu, na udhuru wa wenye udhuru. Amin.

Tarawehe leo kama kawaida. Mwenye kikohozi ajisomee nyumbani, hakuna atakayemhesabu. Kesho turudi kwenye Zaka in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.