Haki ya Mpita Njia

Tuweke mfano mbele ya macho yetu. Mtu mmoja amepata shamba kwa njia ya haki, kando ya korongo la mchanga, akalizungushia ua wa miiba. Ndani ya ua ule imo njia ambayo wanawake wameifuata miaka mingi waendapo kuchimba maji mchangani wakati wa kiangazi, na umo mbuyu ambao wasafiri hulala chini yake. Asubuhi wanawake wafika na vyombo vyao, nao wakuta miiba. Mwenye shamba asema, "Hapa ni pangu." Wao wasema, "Hapa ni njia." Je, ni nani mwenye haki?

Watu wengi hujibu upesi, kila mmoja kwa kadiri ya upande alioko. Sisi twapenda kulifikiri neno hili polepole, maana katika nchi yetu ya Ugogo si neno la miiba tu, bali ni neno la uzima na mauti. Mvua yetu hunyesha miezi michache, tangu Desemba hata Aprili, nayo haina ahadi: yaweza kunyesha kijiji hiki na kukipita kile. Kwa hiyo wazee wetu walijua kwamba asiyeweza kutembea hawezi kuishi. Katika njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920, baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe na nafaka, na mvua kukosekana, watu walikwenda mbali kuhemea, wakila matunda na mizizi ya pori walimopita. Kama kila pori lingalikuwa na ua, ni wangapi zaidi wangalikufa?

Lakini wazee hao hao hawakusema kwamba nchi ni ya kila apitaye, afanye apendavyo. Zamani za misafara, watu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walivuka kwanza nyika kavu ya Marenga Makali, kisha wakaingia Ugogo wakiwa na kiu. Hapo watemi waliwatoza hongo, yaani nguo na shanga, ndipo wapate ruhusa ya kupita, kupiga kambi na kuteka maji. Wazungu Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, aliyepita mwaka 1871, walinung'unika sana katika vitabu vyao juu ya hongo hiyo. Lakini na tufikiri: kisima kimechimbwa na wenyeji kwa taabu, msafara wa mamia ya watu waweza kukikausha kwa usiku mmoja, kisha ukaenda zake, na mwenyeji akabaki na ng'ombe wake wakilia. Je, ni dhuluma kumwambia mgeni alipe? Twaona kwamba kulipisha maji haikuwa dhuluma. Dhuluma iliingia pale mtu alipozidisha kipimo kwa sababu tu mgeni hakuwa na njia nyingine.

Jambo kama hilo twalisoma katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 20. Musa alituma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba njia. Hakudai kwamba dunia ni ya Mungu, basi apite popote. Aliahidi kutopita katika mashamba wala mizabibu, kushika njia kuu, na kuyalipia maji ambayo watu na wanyama wangekunywa. Edomu alikataa hata hivyo, akatoka na watu wengi wenye silaha. Israeli wakageuka. Tena Torati humpa mtu ruhusa ya kula zabibu katika shamba la jirani mpaka ashibe, lakini yamkataza kutia hata moja katika chombo chake. Njaa yake yaheshimiwa. Na jasho la mkulima laheshimiwa pia.

Watu wa nchi nyingine nao wameona vivyo hivyo. Huko Norway, sheria ya mwaka 1957 yamruhusu mtu yeyote kutembea porini na kupiga hema katika ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ni ya mwingine, ila asikaribie nyumba ikaliwayo kwa mita 150, wala asikae zaidi ya siku mbili bila ruhusa. Waswahili hawakungoja sheria hiyo, kwa kuwa wamekwisha kusema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Labda msomaji atatuuliza, "Je, haifai kamwe kuifunga nchi?" Yafaa mara nyingine, nasi tuna ushuhuda karibu. Nchi ya Kondoa ilikuwa imekatwa na makorongo makubwa, kwa kuwa miti ilikwisha na mifugo ilizidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Majani yakarudi, na miti ikaota tena. Lakini tusisahau kwamba mtu aliyekosa mahali pengine pa kupeleka ng'ombe wake alilipa gharama ya uponyaji huo, ingawa watoto wa wote wamefaidiwa. Basi yeye afungaye nchi na ajibu maswali matatu: Naifunga kwa faida ya nani? Mpaka lini? Na niliyemfungia aende wapi?

Sasa turudi kwenye ua wetu wa miiba. Sheria za mwaka 1999 zasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Basi mwenye shamba amepewa haki ya kuitumia, na mtama alioulima ni wake kweli. Apitaye na ng'ombe juu yake ni mwivi. Lakini maji ya mchangani na njia ya kuyafikia hakuvifanya yeye. Kwa maswali yale matatu hana jibu ila faida yake mwenyewe. Kwa hiyo twaamua hivi: na aache mlango katika ua wake, nao wapitao na wafuate njia, wasikate miti, wazime moto wao, na kuurudisha mwiba mahali pake.

Nanyi viongozi wa vijiji, Dodoma inakua na viwanja vinapimwa kila upande; kabla mawe ya mpaka hayajawekwa, ziandikeni njia za maji na za mifugo. Tena mwenye shamba akumbuke Mungu alivyowaambia Israeli katika Mambo ya Walawi, kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapitaji kwake. Leo amesimama ndani ya ua. Mwaka wa njaa yeye ndiye atakayesimama nje ya ua wa mwingine, akiomba njia.