Kubakiziwa

Mdogo wangu, kule Nyamwage, alifikicha macho miaka mingi. Tukasema ni vumbi. Kumbe ni keratokonasi: konea, kioo cha mbele ya jicho, ilikuwa inakonda na kuchomoza umbo la pia. Daktari akatueleza tiba: matone ya riboflavini, kisha miale ya urujuanimno kwa nusu saa. Nyuzi za kolajeni hushikana, konea hukakamaa, na mara nyingi ugonjwa husimama. Kilichokwisha kuharibika hakirudi.

“Kaka, nitaona kama zamani?”

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini tumaini la uongo ni deni, na mlipaji angekuwa yeye.

“Hapana. Utabaki na ulichonacho.”

Hakufurahi, wala sikumlaumu. Tunamshukuru anayeturudishia kilichoibwa. Nani humkumbuka mlinzi wa usiku ambao hakikuibwa kitu? Hata hivyo, kubakiziwa nako ni kupewa.