Je, Kusamehe ni Kuiacha Haki?



Miongoni mwa maswali yaulizwayo na watu wanaoichunguza dini, liko hili zito: "Nikiondoa kinyongo moyoni mwangu, je, mwuaji hatakwenda zake salama?" Swali hili si la kubezwa, hasa likitoka kwa mtu wa Ngara au Biharamulo.

Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Chini ya daraja hilo mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa hata Ziwa Viktoria. Katika kambi ya Benaco mama asiye na hatia na mtu aliyeshika panga la mauaji walilala chini ya maturubai ya namna moja. Wenyeji waliowapokea waliona misitu yao ikikatwa kwa kuni. Baadaye majambazi wakaingia katika pori la Biharamulo, hata mabasi yakapita yakisindikizwa na polisi. Ndipo kila mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mto akatiliwa shaka.

Hapa twauona ugonjwa wenyewe. Uchungu humjua aliyeutia, kinyongo hakichagui. Huanza na mkosaji, kisha humfuata ndugu yake, mtoto wake, kabila lake, na mwisho hata mgeni afananaye naye tu. Mwenye kinyongo amekalia kiti cha hakimu hali hana mashahidi, wala hajui yaliyomo vifuani mwa watu. Ayajuaye hayo ni Mwenyezi Mungu peke Yake.

Je, basi, kumwachia Mungu ni kufumba macho? La, hasha! Sylvestre Gacumbitsi alikuwa meya wa Rusumo, upande wa pili wa daraja lile. Yeye pia alikimbilia Tanzania. Mwezi wa Juni, 2001, alikamatwa mkoani Kigoma. Mwaka 2004 Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 30 kwa mauaji ya halaiki, yakiwamo yale ya kanisani Nyarubuye. Na mwaka 2006, katika rufani, kikawa kifungo cha maisha. Waliosimama kutoa ushahidi hawakulipa kisasi, bali walitimiza amana.

Hata hivyo, mahakama hiyo ilipofungwa mwaka 2015 ilikuwa imewashtaki watu 93 tu. Mahakama za Rwanda, zikiwamo za gacaca, zilihukumu wengine wengi sana, lakini hakuna hata moja iliyomrudishia yatima wazazi wake. Haki ya wanadamu ni ya lazima, ila mkono wake ni mfupi. Asiyeitazamia Siku ya Hukumu atakata tamaa, au ataujaza upungufu huo kwa panga lake mwenyewe. Mwenye kuamini anayo njia ya tatu.

Labda utasema: "Lakini moyo wangu ungali unauma." Tazama mfano wa Mtume Mtukufu s.a.w. Wahshi alimwua Hamza, ami yake mpenzi, katika vita vya Uhud mwaka 625. Baada ya Makka kufunguliwa mwaka 630, Wahshi alikuja akasilimu, naye akasamehewa. Walakini Mtume s.a.w. alimtaka asijionyeshe mbele ya uso wake, kwani kumwona kulimrudishia huzuni ya ami yake. Angalia vema, msomaji: kisasi kiliachwa, huzuni haikukatazwa. Basi usijidhanie kuwa huna imani eti kwa sababu hukusahau. Hukuamrishwa kusahau. Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Maida, yatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Kwa hiyo, jirani yako aliyetoka ng'ambo ya mto mpime kwa tendo lake, si kwa kabila lake. Ukidhulumiwa, peleka shauri lako mbele ya sheria, ukaseme kweli bila ya kuongeza neno. Kisha usiku, katika sijida, mkabidhi Mola wako yale ambayo sheria haikuyafikia. Daftari lake halipotei, wala shahidi wake hahongwi.

Mwenyezi Mungu atujalie mioyo isiyomdhulumu mtu, hata pale ilipodhulumiwa. Amin.